Maswali Yenu Kuhusu Mionzi: Mama Karudi Kutoka Hospitali, Mbona Mnamtengea Sahani?

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa wanaouguza kuliko wagonjwa wenyewe. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kubadili mambo ndani ya nyumba wiki hii hii.

Shikamoo daktari. Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi, anatibiwa Ocean Road na anakaa kwa mama mdogo, Temeke. Kila akirudi kutoka mionzini anatengewa sahani na kikombe, na wajukuu wamekatazwa kulala naye. Mama mdogo anasema mtu aliyechomwa mionzi hutoa mionzi kwenye jasho. Mama analia usiku. Ni kweli? (Binti, Handeni)

Marahaba, mwanangu. Si kweli. Leo hii msomee mama mdogo jibu hili.

Mionzi ya nje, ile ambayo mgonjwa analazwa kitandani na mashine ikimzunguka, hupita mwilini na kuisha papo hapo. Hakuna kinachobaki kwenye damu, jasho, mate wala mkojo. Aliyeota jua barazani haingii ndani na jua. Mashine za kisasa za umeme hutengeneza mionzi pale tu mtaalamu anapoiwasha. Ikizimwa haina mionzi, sawa na taa. Mashine za kobalti ni tofauti kidogo. Ndani ya kichwa chake mna chuma kinachotoa mionzi saa zote, lakini kimezungukwa na kinga nzito ya risasi, na dirisha hufunguliwa kwa dakika chache tu za tiba. Hata hapo, kinachomfikia mama ni mwale, na ile kobalti yenyewe haimgusi.

Hofu hii ina chanzo. Watu wanaona wataalamu wakitoka mbio na kufunga mlango mnene kama wa benki, wanajiuliza: kama si hatari, mbona wanakimbia? Wanatoka kwa sababu wao wangekuwa mle chumbani kwa kila mgonjwa, kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, bila kuwa na ugonjwa wa kutibiwa. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiverti 20 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka, na beji anayoivaa kifuani ni ya kuhesabu hizo. Mama yeye anapokea dozi kubwa mahali pamoja palipopimwa, kwa faida yake.

Baadaye huenda akapewa mionzi ya ndani. Vifaa maalumu huingizwa ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi, kisha punje ndogo ya chuma cha mionzi, iridi au kobalti, inasukumwa na mashine kupitia mirija, inakaa dakika kadhaa, halafu inarudishwa kwenye kasha lake. Kabla mama hajatoka chumbani, chombo cha kupimia hutumika kuhakikisha punje imerudi. Siku hiyo pia atarudi nyumbani akiwa salama kwa kila mtu, hata mjamzito, hata mtoto mchanga wa kumpakata.

Mgonjwa ambaye kweli hutoa mionzi kwa muda ni yule aliyemeza iodini ya mionzi kwa saratani ya tezi la shingo (au ugonjwa mwingine wa tezi hilo). Iodini hiyo, namba 131, hupungua nusu kila baada ya siku 8 hivi, na nyingi hutoka kwa mkojo katika siku za mwanzo. Huyo hulala peke yake, hunywa maji mengi, hukojoa akiwa amechuchumaa au ameketi ili mkojo usirushwe, humwaga maji chooni mara mbili, na hukaa mbali na watoto na wajawazito kwa idadi ya siku alizoandikiwa kwenye karatasi ya hospitali. Mwanamke asibebe mimba kwa miezi 6. Anayenyonyesha huacha kumnyonyesha mtoto huyo moja kwa moja, na huacha wiki kadhaa kabla ya dawa. Wapo pia wanaopandikizwa punje za mionzi zinazobaki kwenye tezi dume. Nao hupewa karatasi ya masharti. Kwa hiyo swali la kuuliza hospitalini ni moja: "Kuna kitu cha mionzi kinachobaki mwilini mwa mgonjwa wangu?" Kwa mama yako jibu ni hapana. Rudisheni sahani.

Mke wangu ana saratani ya shingo ya kizazi, alipangiwa mionzi mara 25. Alipofika ya 14 tukapata msiba, akaja nyumbani, na sasa ni siku ya 11 tunatafuta nauli ya kurudi. Zile 14 zimepotea? Na akirudi, hawawezi kumpiga mara mbili mbili amalize haraka? (Mume, Singida)

Pole kwa msiba, ndugu yetu. Piga simu leo kwenye namba iliyo kwenye kadi yake ya kliniki, na asafiri kwa basi la kwanza mtakalopata. Zile 14 hazijafutika, ila kila siku inayopita inazila.

Tutaeleza kwa nini, maana hili ndilo tatizo linalotuumiza kuliko yote kwenye tiba ya mionzi. Dozi hupimwa kwa grei. Kwa saratani ya shingo ya kizazi hutolewa grei 45 hadi 50, zikigawanywa kidogo kidogo, grei 1.8 hadi 2 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5. Zinagawanywa kwa sababu seli nzima hujikarabati usiku kabla ya dozi inayofuata, na seli za saratani hazijui kujikarabati vizuri hivyo. Lakini baada ya wiki ya 3 au 4 seli za saratani zilizobaki huanza kuzaana kwa kasi zaidi. Mgonjwa akikatisha hapo, anazipa nafasi. Kwa saratani hii lengo ni kwamba mionzi ya nje na ya ndani kwa pamoja iishe ndani ya siku 56 tangu siku ya kwanza. Kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa karibu nusu asilimia hadi asilimia 1. Wiki mbili za kusubiri nauli si jambo dogo.

Kuhusu mara mbili kwa siku: wataalamu wanaweza kufidia hivyo, dozi mbili za kawaida zikipishana kwa saa 6 au zaidi, au kutumia Jumamosi. Wasichofanya ni kuunganisha dozi mbili kuwa moja nene, kwa kuwa utumbo na kibofu ndivyo vitakavyoumia. Uamuzi huo hufanywa kwa hesabu, na si mgonjwa wa kuuomba dirishani.

Akifika, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hela haijakata tena. Waambieni ukweli kuhusu nauli na malazi. Wengi huenda huko wakiwa wameshakwama. Na msiba mwingine ukitokea, kwa moyo wote tunasema: aliye mionzini haachi tiba kwenda kuzika. Ukoo umwombee radhi.

Mara nyingine ni mashine inayoharibika. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, ya kobalti, iliharibika isitengenezeke, na nchi nzima ikabaki bila. Mashine ya kwenu ikisimama, msifunge mizigo. Ulizeni siku hiyo hiyo: itachukua siku ngapi, kuna mashine ya pili, na mgonjwa wetu atafidiwaje?

Halafu kuna yale yanayomfanya mgonjwa akae mwenyewe chumbani asiende. La kwanza ni kuharisha, ambako huanza wiki ya 2 au ya 3 kwa sababu utumbo uko jirani na panapopigwa. Apunguze maharage, kabichi, mboga za majani zenye nyuzi nyingi, pilipili, na maziwa kama yanamsokota. Ale wali mweupe, uji wa mchele, ndizi mbivu, viazi, kuku au samaki wa kuchemsha. Kwa kila choo cha maji anywe ORS. Ya pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akizidisha safari 4 juu ya kawaida yake kwa siku, au akiona damu, au akipata homa, aseme asubuhi hiyo kabla ya kupanda kitanda cha mashine. Zipo dawa za kufunga, na daktari ndiye wa kumwandikia.

La pili ni damu kupungua. Hemoglobini ikishuka chini ya 10 wengi huongezewa, kwani uvimbe usiopata oksijeni huwa sugu kwa mionzi. Kwa sababu hiyo hiyo sigara na ugoro viachwe. Kama anapewa na sindano ya kemo (dawa ya kuua seli za saratani) kila wiki, asiruke kipimo cha damu na cha figo. Na kama anatumia ARV, aendelee nazo bila kukosa hata kidonge kimoja. Wapo waliodanganywa kwamba zinagombana na mionzi.

Jambo dogo ambalo wagonjwa hulipuuza ni kibofu. Karibu na zamu yake akojoe, anywe maji nusu lita, asubiri dakika 30 hadi 45 bila kukojoa. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo juu, nje ya njia ya mionzi. Kiasi na muda viwe vilevile alivyoelekezwa siku ya kupimwa na kuchorwa alama za mionzi mwilini. Akiingia na kibofu kitupu, utumbo unashuka na ndio unaopigwa, na kuharisha kunazidi.

Dada yangu anapigwa mionzi ya titi. Ngozi imekuwa nyeusi tititi na chini ya titi imeanza kuchubuka. Shangazi ameleta mafuta ya nazi na majivu ya dawa. Nimpake? (Mdogo wake, Kilifi)

Majivu hapana kabisa. Mafuta yaache mpaka ngozi ifunge.

Vitabu vingi huandika kwamba ngozi "huwa nyekundu". Kwa ngozi zetu dalili ya kwanza ni kuwasha, joto na weusi unaozidi, kwa hiyo mtu akisubiri wekundu atachelewa kusema. Sehemu zenye mikunjo, yaani chini ya titi, kwapani na kinenani, huchubuka kwanza kwa kuwa hukaa na jasho na kusuguana. Jueni pia kwamba hali huwa mbaya zaidi wiki 1 hadi 2 *baada* ya siku ya mwisho, ndipo ianze kupona. Msije mkadhani kuna kosa limefanyika.

Aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato makali, kwa kiganja, bila dodoki. Ajikaushe kwa kugusagusa na kanga laini. Mahali pazima palipokauka apake losheni isiyo na marashi, kiduchu. Sidiria yenye waya aiweke kabatini. Kanga au fulana ya pamba inatosha. Asiweke poda, asinyoe kwapa kwa wembe, asikande kwa maji moto wala barafu. Ile michoro ya kalamu isifutwe, kwani mashine inalengwa kwayo, na ikififia aseme, asijichoree. Palipochubuka na kutoa maji: suuza kwa maji ya chumvi ya hospitali, funika kwa bandeji isiyong'ang'ania, na mpeleke kwa muuguzi. Harufu mbaya, usaha au homa ni safari ya siku hiyo hiyo.

Mkono wa upande huo autumie: auinue na kuuzungusha taratibu mara kadhaa kwa siku. Bega lililolala wiki 3 hukakamaa, halafu hawezi kuuweka mkono mahali mashine inapoutaka.

Baba ana saratani ya koo. Wiki ya 3 sasa, hamezi hata uji, mate yamekuwa kama gundi. Suruali zinamvuka. (Mwanawe, Eldoret)

Hapo kuna mambo mawili ya haraka: maumivu na uzito.

Maumivu yatibiwe ili ale. Mofini ya maji ndiyo dawa hasa hapa, na haimfanyi mzee kuwa mtumwa wa dawa akipewa kwa kipimo cha daktari. Anywe nusu saa kabla ya chakula, na apewe dawa ya kulainisha choo pamoja nayo, kwa sababu mofini hufunga. Asukutue kila baada ya saa 2 akiwa macho: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kidogo 1 cha chumvi, kijiko kidogo 1 cha bekingi soda, na yamwagwe kila siku yatengenezwe mapya. Angalieni pakiti vizuri. Tunataka bekingi soda ya kuokea, si bekingi pauda, na si magadi ya kuivishia maharage, ambayo yataunguza. Utandu mweupe ulimini ni fangasi na una dawa yake. Ndimu, ukwaju, pilipili, pombe na chai ya moto viondoke mezani.

Uzito una siri ambayo familia nyingi hazielezwi. Baba amewekewa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa uso wake, ili shingo isisogee. Akikonda, barakoa inalegea, shingo inacheza ndani yake, na mionzi iliyopigiwa hesabu kwa milimita inakosea njia. Kwa hiyo apimwe uzito kila wiki, na barakoa ikilegea mseme. Mpeni kidogo kila saa 2: uji wa maziwa uliotiwa karanga za kusagwa na mafuta, mtindi, parachichi lililopondwa, supu iliyochujwa. Akishindwa hata hivyo, mpira wa kulishia kupitia puani usimtishe. Ni wa wiki chache, na wanaoukataa mpaka wameishiwa nguvu ndio hukatisha tiba.

Na meno. Jino bovu hung'olewa wiki 2 hadi 3 kabla ya mionzi kuanza, kidonda kipone. Baada ya mionzi mfupa wa taya hubaki na damu haba, na kung'oa jino, hata miaka 5 baadaye, kunaweza kuacha kidonda cha mfupa kisichofunga. Kwa maisha yake yote aliyobakiza, kabla ya kukaa kiti cha daktari wa meno aseme: "Nilipigwa mionzi ya taya." Dawa ya meno yenye floraidi asiikose, kwa kuwa mate yakipungua meno huoza upesi.

Mke wangu alimaliza mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi miezi 3 iliyopita. Ananiogopa na mimi namwogopa. Naweza kudhurika? (Hatutaki jina, Zanzibar)

Hutadhurika. Mionzi haimo mwilini mwake, na saratani haihami kutoka mtu hadi mtu. Kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi huambukizwa kwa kujamiiana, lakini katika ndoa ya miaka mmekwisha kushiriki mlicho nacho.

Anachokiogopa huenda ni maumivu, na ana haki. Mionzi hukausha uke, huufanya kuwa mfupi na mgumu, na kuta zake zinaweza kushikana. Kliniki hutoa kipanuzi, kifaa laini cha umbo la mche. Huanza kutumika wiki 2 hadi 4 baada ya tiba vidonda vikitulia: mara 2 au 3 kwa wiki, dakika 5 hadi 10, kwa kilainishi cha maji. Kwa kuwa ni miezi 3 sasa, aanze kwa kuchunguzwa, halafu cha saizi ndogo kabisa. Ninyi wawili mnaweza kurudiana taratibu, yeye akiongoza. Matone machache ya damu si ajabu. Damu inayolowesha pedi ni ya kupeleka hospitali.

Hedhi yake imekoma kwa sababu mayai yamepigwa pamoja na uvimbe. Majoto ya ghafla na kukosa usingizi vinatokana na hilo, na vina tiba, msivumilie kimya.

Neno jingine la kuhifadhi: akiona damu kwenye choo au mkojo miezi au miaka baadaye, si lazima saratani imerudi, huenda ni kovu la mionzi. Atakayemchunguza kwa kamera ya utumbo aambiwe mapema kuhusu mionzi, maana kukata kinyama kwenye ukuta ule dhaifu kunaweza kutoboa tundu kati ya uke na utumbo. Karatasi ya muhtasari wa tiba, yenye dozi na tarehe, mwombeni daktari nakala na mwihifadhi pamoja na vyeti vya nyumba.

Mtoto kapigwa eksirei ya kifua mara 3 mwaka huu. Na mnara wa simu uko nyuma ya nyumba. (Mama, Bukoba)

Dunia yenyewe, kupitia mawe, hewa na anga, hutupa wastani wa milisiverti 2.4 kila mwaka. Eksirei ya kifua ya mtu mzima ni kama 0.02, sawa na siku 3 za kuishi tu, na kwa mtoto mashine hupunguzwa. Hizo 3 zisikunyime usingizi. CT ya tumbo, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, ndiyo ya kuulizia sababu, maana hufika 8 hadi 10. Ultrasaundi na MRI hazitumii mionzi ya aina hii. Mnara wa simu pia haurushi mionzi ya kuvunja seli kama eksirei.

Nanunua skrepa. Kijana kaleta pipa dogo la chuma, zito kupita kiasi, lina alama nyeusi kwenye manjano kama pangaboi la mapanga matatu. Anataka tulipasue, ndani kuna risasi ya kuuza. (Vingunguti)

Msilipasue. Ondokeni hapo sasa, mita 30 au zaidi, na mzuie watu. Pigieni polisi, muwaombe wawaunganishe na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Aliyelishika anawe mikono kwa sabuni, asile wala kuvuta sigara kabla, na nguo alizovaa azivue aziweke kwenye mfuko pembeni. Msilipakie kwenye bajaji kulipeleka kituoni.

Uzito huo ni kinga. Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, wanaume wawili waliingia kwenye kliniki ya mionzi iliyohamwa, wakang'oa kichwa cha mashine, wakakiuza kwa mnunuzi wa skrepa. Ndani mlikuwa na unga wa siziamu 137 unaong'aa bluu gizani. Watu wakaupenda, wakagawiana, watoto wakajipaka. Wanne walikufa, mmojawao mtoto wa miaka 6. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya 112,000 walipimwa. Mwaka 2000, Samut Prakan, Thailand, kobalti ya mashine kama hiyo ilipasuliwa kwenye skrepa, wakafa watatu. Siku hizi vyanzo vikali hubandikwa pia alama ya pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia.

Kule Goiânia wagonjwa wa kwanza walidhaniwa wana ugonjwa wa kitropiki, mpaka mke wa mnunuzi alipokipeleka kile chuma kwa maofisa wa afya. Kwa hiyo yeyote kati yenu aliyekigusa akianza kutapika ndani ya saa chache, au mikono ikimbabuka baada ya siku kadhaa bila kugusa moto, akifika hospitali maneno yake ya kwanza yawe: "Nilishika chuma chenye alama ya mionzi," na ataje siku na saa.